Ufunguo Ndani ya Bahasha ya Dawa

Kabla sijawa na wagonjwa wangu mwenyewe, nilidhani hofu ni ugonjwa wa watu wasiouliza maswali. Mimi niliuliza. Kanisani nilimuuliza mchungaji kwa nini maombi yanachelewa zaidi pale barabara ikifungwa. Niliwacheka wanaong'oa vijino vya watoto wachanga kwa msumari wakiamini ndivyo vinavyoleta homa. Dar es Salaam, nilikokaa miaka tisa, kwanza nikisomea meno kisha nikianza shahada ya uzamili ya kupanga meno, profesa wangu aliniambia mbele ya wenzangu, "Kijana, wewe siku ya kuzaliwa ulimdai mkunga ushahidi." Walicheka. Nilicheka pia, maana nilichukulia kuwa ni sifa.

Kupanga meno ni kazi ya polepole. Unalivuta jino lililokwenda upande, unalipanua taya lililobana, na unafanya hivyo kwa nguvu ndogo sana ili mfupa upate muda wa kufuata. Ukiharakisha, mfupa hausemi chochote siku hiyo. Utasema baadaye, ndani ya mdomo wa mtoto wa mtu. Profesa alilirudia hilo mpaka nikaacha kulisikia.

Sehemu ya mwisho ya masomo yangu ilikuwa kliniki. Nilitakiwa kuwatibu watoto kadhaa mwenyewe, hatua kwa hatua, na kuandika kila nilichofanya. Niliomba kuifanyia nyumbani, Bunia, nchi ya jirani. Hospitali moja ilinipa chumba chenye kiti cha meno kilichokuwa kinalia kila ukikiinua, na mama muuguzi mmoja aliyekuwa amefanya kazi pale tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kila Jumatatu nilituma picha za vinywa Dar es Salaam, na profesa alizitazama. Sharti lilikuwa moja, na lilikuwa limeandikwa: mtoto akiumia kwa uzembe wangu, kliniki inafungwa, na shahada nayo.

Nilikulia mtaa wa Ngezi, kwa wazazi wafanyabiashara waliohama kutoka Butembo, na Kiswahili cha Bunia ndicho nilichochezea mpira. Lakini miaka tisa si michache. Nilirudi na Kiswahili cha watu wengine. Wiki ya kwanza mama muuguzi alinisikiliza nikimweleza mgonjwa jinsi ya kupiga mswaki, kisha akatikisa kichwa.

"Dokta, unasemaka sawa Biblia. Ukisema 'kabla' na 'baada', bamama wanatafuta mistari."

Nikamwambia watazoea. Sikujiuliza ni nani hasa anayepaswa kuzoea.

*

Binti yule alikuwa na miaka kumi hivi. Taya lake la juu lilikuwa jembamba, hata akifunga mdomo kidevu kilikwenda kushoto, na alitafuna upande mmoja kama mbuzi. Mama yake alikuwa mkulima wa Aveba, kijiji cha kusini, aliyekuja Bunia kwa dada yake anayeishi mtaa wa Mudzipela. Mtu aliwaambia kuna dokta anayenyoosha meno bure kwa sababu anasoma.

"Ni kweli unasoma bado?" mama aliniuliza, akinitazama kutoka viatu hadi nywele.

"Bado."

"Basi soma muzuri. Ule mutoto njo wangu wa mwisho."

Nilimtengenezea binti kipanuzi. Ni chuma kidogo kinachokaa juu, kwenye kaakaa, kimeshikiliwa na magego ya pande zote mbili. Katikati kuna skrubu yenye matundu. Unachukua ufunguo, ambao ni kipande cha waya tu, unauingiza katika tundu lililo upande wa meno ya mbele, unausukuma kuelekea koo. Hapo skrubu imefunguka robo ya milimita, na tundu jingine limejitokeza mahali pa lile la kwanza. Kaakaa la mtoto lina mshono katikati ambao bado haujakauka, nao unaachia taratibu. Mara moja kwa siku. Mzazi anafanya mwenyewe nyumbani, na kila wiki dokta anakagua.

Siku niliyokifunga ilikuwa Jumanne. Nilizungusha mara ya kwanza mimi. Kisha nikamtoa mama pembeni kumfundisha kwa mfano wa plasta wa kinywa cha mtoto, akajaribu, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Alikuwa na mkono wa mtu anayepanda mbegu ndogo.

"Umeona?" nikasema. "Mbele, nyuma. Kila siku."

"Mbele, nyuma," akarudia.

"Hivyo hivyo. Usisahau. Mbele, nyuma."

"Ile siwezi sahau, dokta. Njo ile tunajuaka."

Nilifurahi. Nilijiambia, huyu ni mama mwerevu. Ufunguo ule ni mdogo, unapotea kirahisi, kwa hiyo nilitafuta kitu cha kuutia. Mezani palikuwa na rundo la bahasha ndogo za karatasi, zile ambazo hospitali inatilia vidonge. Nikachukua moja, nikatia ufunguo ndani, nikaandika juu kwa kalamu nyeusi: *Kila siku. Mbele, nyuma.* Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pembe ya kitenge. Binti akauliza kama atazungumza vizuri tena, maana maneno yalikuwa yanamtoka na mate. Mama yake akamwambia anyamaze, hata sasa anasema sana.

Waliondoka, nami nikaandika kwenye faili: *Mzazi ameeleweshwa, amerudia maelekezo kwa usahihi.*

*

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, nilikuwa namfungia kipanuzi mtoto wa pili, wa Mudzipela. Mama yake alikuwa mwenye haraka, ameacha mtu kwenye meza yake ya nyanya. Nilimwonyesha, akajaribu, kisha nikasema yale yale.

"Basi ni hivyo. Kila siku. Mbele, nyuma."

Nikanyoosha mkono kuchukua bahasha ya dawa. Mama muuguzi alikuwa anafuta sinia ya vyombo. Alicheka.

"Dokta, mbele na nyuma ya nini? Ya kula?"

Yule mama wa nyanya naye akasema, "Na mimi nilitaka kuuliza. Mbele ya kula, sawa. Nyuma ya kula, sawa. Na kama mutoto hajakula?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka bahasha iliyokuwa mkononi mwangu. Kila mtu Bunia ameshapokea bahasha ile, na kila bahasha ina maneno hayo hayo juu yake, kwa mwandiko wa mtu wa duka la dawa: moja mara tatu, mbele ya kula. Mbili mara tatu, nyuma ya kula. Huku kwetu hatusemi *kabla ya kula*, hatusemi *baada*. Tunasema mbele na nyuma. Mimi mwenyewe nilimeza dawa za minyoo utotoni kwa maneno hayo. Na nilikuwa nimempa mama wa Aveba kitu cha tiba, katika bahasha ya dawa, na kumwambia mbele, nyuma, kila siku, na kumsifu aliporudia.

Jinsi ya kusukuma alikuwa ameshaona kwa macho. Hakuhitaji maneno kwa hilo. Maneno aliyachukua kwa kazi nyingine.

Nilimwomba mama wa nyanya asubiri nje. Nikachukua karatasi nikaanza kuhesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko ninakokimbilia. Mtu anakula mara tatu. Mbele mara tatu, nyuma mara tatu: sita kwa siku. Alianza Jumatano. Hadi jana siku tano, thelathini. Leo sita zaidi. Skrubu yenyewe ina mwisho wake, na kwa mwendo ule ingeufikia keshokutwa. Nilijua mshono wa kaakaa ukipasuliwa badala ya kuachia unafanya nini. Nilikuwa nimeona picha zake kitabuni: nyama iliyochanika, magego yaliyosukumwa nje ya mfupa mpaka mizizi ikaonekana, pua inayotoka damu. Kwenye kitabu mtoto anafunikwa macho kwa mstari mweusi. Huyu wangu nilikuwa namjua macho.

"Umepiga simu?" mama muuguzi akauliza. Alikuwa ameacha kucheka.

Nilipiga. Simu ya mama wa Aveba ilikuwa imezimwa. Nikampigia dada yake wa Mudzipela.

"Ah, hao walirudia Aveba Alhamisi," akasema. "Maharagi imeiva. Na huko réseau ya simu haiko, dokta. Kuna kilima moya wanapandaka kama mutu amekufa."

"Mtoto alikuwa analia?"

"Analia nini? Alikuwa anacheka. Mwanya ilianza kufunguka hapa mbele, sisi wote tulimusifu."

Hilo nalo. Kipanuzi kikifanya kazi, meno mawili ya mbele yanaachana, na unatokea mwanya. Kwenye kitabu ni ishara ya kawaida inayojifunga yenyewe baadaye. Kwetu ni uzuri. Kuna wasichana wanaolia kwa kukosa mwanya. Nilifikiri juu ya mama anayetazama mwanya wa mwanawe ukipanuka, majirani wakisifu, na ufunguo ukiwa kwenye pembe ya kitenge. Ni nani angemwambia asimame?

*

Saa sita profesa akapiga simu.

"Nimeona picha za wawili. Yule wa kipanuzi yuko wapi?"

"Yupo, Profesa."

"Yupo ni nini? Yupo kwenye kiti, au yupo duniani?"

"Yuko njiani."

Ulikuwa uongo, na niliutamka bila kukwama. Baada ya kukata simu nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa, kikalia. Siku zote nilijiona mtu anayetaka ukweli hata ukiuma. Kumbe nilikuwa nimezoea kuutaka kwa wengine.

Mama muuguzi alifunga mlango.

"Tuma moto," akasema. Alikuwa na maana ya pikipiki. Lakini alijua, kama nilivyojua, kwamba wiki ile barabara ya kusini, ya kwenda Aveba, haikuwa na jibu. Asubuhi watu wanapita, mchana wanasikia milio ya bunduki Bogoro, katikati ya njia, wanarudi. Nilikwenda kwenye stendi ya pikipiki hata hivyo. Madereva wawili walikataa bila kuuliza bei. Wa tatu alisema, "Mimi niko na batoto pia, dokta," akaendelea kusafisha plagi yake.

Niliporudi mama muuguzi alikuwa amefikiri.

"Peleka communiqué kwa radio. Aveba wanaishikaka asubui na magaribi. Hata wenye hawana radio, jirani iko nayo."

Ni kweli. Kwetu radio ndiyo inayotangaza nani amefariki, mbuzi wa nani wamepotea, mtihani umeahirishwa. Lakini nilielewa mara moja maana yake. Nilichokuwa nimemficha profesa, mji wote ungekisikia ukinywa chai. Na kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, lililonijia nikiwa nimeshaanza kutembea: nikimwita mama yule arudi, nitakuwa nimemtoa mtoto kwenye hatari niliyoitengeneza mimi na kumpakia kwenye barabara ile. Nilisimama pembeni ya njia kama mtu aliyesahau kitu. Kisha nikaendelea hadi radio, na tangazo nililoliandika kwenye karatasi.

Mtangazaji alikuwa kijana wa rika langu, ana koti la suti juu ya jezi. Alisoma karatasi yangu.

"'Mama wa Aveba anaombwa kusitisha zoezi la kuzungusha ufunguo hadi atakapoelekezwa vinginevyo.'" Akanitazama. "Kusitisha njo nini?"

"Kuacha."

"Basi andika wacha. Na nani anasema awache?"

"Hospitali."

"Hospitali haina kinywa. Siku hizi kila mutu anasema wacha, wacha kulima, wacha kupita. Watu hawawache tena. Njo weye uliweka ile chuma?"

"Ni mimi."

"Na nani alikosa? Mama alikosa ama weye ulikosa?"

Kulikuwa na watu wawili kwenye benchi wakisubiri kutangaza msiba. Waligeuka wote.

"Mimi," nikasema.

"Basi tuandike ile. Watu ba huku wakisikia mutu ya masomo anasema nimekosa, watajua hii communiqué ni ya kweli." Akaanza kuandika mwenyewe. "Haionekanaka kila siku."

Mmoja wa wale wa msiba, mzee, akasema, "Pole, dokta," kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa.

Niliomba kitu kimoja tu: asitie neno mbele wala neno nyuma. Nilimfanya asome mara tatu. Nafasi ya kwanza iliyokuwa wazi ni ya Jumanne magharibi; likatoka, na Jumatano asubuhi likarudiwa: *Mama wa Aveba mwenye binti aliyewekewa chuma katika kinywa hapa Bunia. Wacha kuzungusha ufunguo. Dokta mwenyewe anasema alieleza vibaya. Kama barabara iko muzuri, kuya naye Bunia. Kama haiko muzuri, bakia. Lakini wacha kuzungusha.*

Mama yangu mzazi alikuwa anamimina chai. Aliacha birika hewani.

"Ile dokta njo weye?"

"Ni mimi, mama."

"Na mimi niliambia soko yote mutoto wangu hakosaka." Akamimina. Kikombe kilijaa hadi kikamwagika kwenye sahani. Akasukuma mkate karibu yangu. Sikuweza kuula.

Njiani kwenda kazini dereva wa pikipiki aliniita kwa sauti, "Dokta wa ufunguo! Moto yangu inakatala kuwaka, kuya uizungushe mbele na nyuma!" Sijui habari za mbele na nyuma aliambiwa na nani. Bunia haikosi wa kusema.

Nilimpigia profesa. Nilimweleza yote, na la "yuko njiani" nalo.

"Alirudia maelekezo?" akauliza.

"Alirudia."

"Alirudia maneno yako, au alikueleza alichoelewa?"

Nilisoma tena mstari wangu kwenye faili.

"Akifika, piga picha na upime kabla hujamgusa. Nitumie kila kitu. Nikishaona, nitakuambia kama bado una kliniki." Kisha, kwa sauti iliyoshuka kidogo, "Omba mtoto awe mzima, hata kama huombi."

Siku ile nzima sikumtibu mtu vizuri. Kila pikipiki iliyosimama nje, nilitoka kuitazama. Mchana ilifika habari kwamba upande wa Bogoro watu wamesimamishwa na kurudishwa. Wengine walisema hawakurudishwa. Hakuna aliyejua zaidi, na kila aliyeingia aliongeza lake. Mimi, niliyekuwa nikimuuliza kila mtu umejuaje, nilimwamini kila mmoja.

*

Walifika Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilimwona kwanza binti, mwekundu wa vumbi hadi kope, akishuka kwenye pikipiki nyuma ya mama yake. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Niliona mkono ule, nikashindwa kupiga hatua. Mama muuguzi ndiye aliyewapokea.

"Njia ilikuwa namna gani?"

"Tulilala Kagaba kwa dada wa kanisa. Leo asubui wakasema iko muzuri, tukapita." Akaniona. "Dokta, samahani."

Sikuelewa anaomba samahani ya nini. Nilimketisha binti, kiti kikalia, nikawasha taa.

"Toa mkono. Fungua."

Alitoa mkono, na nilichokuwa nimekiona kama maumivu kilikuwa haya ya kutazamwa tu. Mwanya wa mbele ulikuwa unapitisha punje ya mchele. Nilipiga picha kama nilivyoamriwa. Nilitazama kaakaa. Lilikuwa jekundu kidogo ukingoni mwa chuma. Halikuchanika. Magego yalikuwa mahali pake, ufizi umekaa. Nilimbonyeza chini ya pua, nikamuuliza kama inauma, akasema inawasha wakati wa kuzungusha, kisha inaisha.

Nilipima skrubu. Nikapima tena. Mama muuguzi alishika taa, nikapima mara ya tatu. Mara kumi na tano. Moja yangu ya Jumanne, na kumi na nne za siku saba.

Mbili kwa siku. Kwa mtoto wa umri ule ni haraka, lakini wako madaktari wanaofanya hivyo kwa kukusudia. Mfupa ulikuwa umeweza.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unazungusha lini?"

"Mbele ya kula na nyuma ya kula. Sawa ulisema."

"Na mlikuwa mnakula mara ngapi?"

Alitazama chini. Alianza kufungua pembe ya kitenge, akatoa ile bahasha, imekunjamana, mwandiko wangu umefifia kwa jasho.

"Njo ile nilikuwa naomba samahani. Nilijua dawa ni mara tatu. Lakini siye saa hii tunakulaka mara moya, dokta, hata kwa dada yangu. Magaribi, tukitoka shamba. Maharagi tunauzisha, hatukule. Niliposikia radio, nikasema, ni juu ya ile, dokta amejua hatufikishe mara tatu." Akaniwekea bahasha mkononi. "Nilitaka tuzungushe hata bila kula, asubui na mchana, ili ifike. Huyu akakatala."

Binti aliongea kwanza akiwa bado kinywa wazi, kisha akakifunga ili aseme vizuri. "Ulisema ya kula. Kama haiko ya kula, haiko."

Mama muuguzi alizima taa, akageukia sinki na kufungua maji, ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha.

Nilitamani kumwambia yule mama kwamba hakukosa, na nilimwambia, lakini maneno yalitoka vibaya, kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesamehewa. Nikaanza upya. Nikasema, "Weye haukukosa. Miye njo nilikosa. Ilikuwa mara moya tu kwa siku. Mbele ni hapa kwa meno, nyuma ni kule kwa koo. Haikuwa ya kula." Alinitazama, akamtazama binti, na taratibu akaanza kucheka, akajishika kiuno.

"Kumbe! Na siye tulikuwa tunamungojea mpaka amalize sahani!"

Niliamua upana uliopatikana unatosha. Niliifunga skrubu kwa waya na kuiziba kwa simenti ya meno ili isizunguke tena, na nikamwambia mwanya utajifunga wenyewe, meno yatarudiana. Hapo ndipo binti alipolia. Kwa chuma hakulia, kwa njia hakulia. Mama yake akaniuliza kama mwanya hauwezi kuachwa, hata kidogo, Aveba yote imeshauona. Nikasema hapana. Akamwambia mwanawe, "Basi cheka mingi wiki hii."

Nilituma picha na vipimo. Profesa alijibu jioni ile. Kliniki yangu haifungwi, lakini kosa litaandikwa kwenye tasnifu kama lilivyotokea, pamoja na siku ile niliyosema yuko njiani. Kwenye fomu kuna sehemu inayouliza ni hatua gani ya daktari iliyozuia madhara. Niliikodolea macho kwa muda. Tangazo la radio lilizuia mizunguko ya siku ya nane, labda. Katika zile siku saba za kwanza hakuna hatua yangu iliyozuia chochote. Niliandika: *Familia ilikuwa ikila mlo mmoja kwa siku.* Profesa aliirudisha na alama ya kuuliza pembeni. Niliirudisha kwake bila kubadilisha.

Siku waliyoondoka nilikwenda hadi stendi. Dereva alikuwa yule yule aliyewaleta. Mama alipanda, binti akapanda nyuma yake na mfuko wa unga ambao mama muuguzi aliuleta bila kumwambia mtu. Nilimuuliza dereva kama barabara ni nzuri.

"Kwa sasa," akasema.

Nilibaki pale mpaka vumbi lao likachanganyika na la wengine. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, ndani ya bahasha yake. Nilikuwa nautafuta kwa kidole kila baada ya muda mfupi, kuhakikisha kwamba ni mimi niliye nao.